Mtoto wa Ofisi Kumi na Mbili

Asubuhi, katika vichochoro vya Kangle na Lujiang, wilaya ya Haizhu, kusini mwa mto Zhujiang, wenye karakana za nguo husimama kando ya njia wameshika sampuli: blauzi, sketi, koti lisilo na mikono. Fundi huishika nguo, akaigeuza nje ndani, akatazama mishono, akauliza bei ya kipande. Wakikubaliana, siku yake imeanza. Juu yao majengo yamesogeleana mpaka wenyeji wameyaita nyumba za kupeana mikono: wa dirisha hili na wa dirisha lile wanaweza kuamkiana kwa mkono bila kutoka ndani. Jirani hapo ni soko la vitambaa la Zhongda, ambalo wafanyabiashara wetu wa Kariakoo na Eastleigh hawahitaji kuelekezwa.

Fundi huyo ana mtoto. Tuseme ana miaka 15, masomo yamemshinda, na baba na mama wako kwenye cherehani mpaka usiku wa manane. Akianza kushinda na wenzake walioacha shule, ni nani wa kwanza kujua? Na akishajua, anamwambia nani?

Waswahili wengi wanaijua Guangzhou kwa mizigo: Xiaobei, Sanyuanli, kontena, bei ya jumla. Wachache wameitazama kama mji unaolea watoto. Sensa ya 2020 ilihesabu wakazi milioni 18.68, na zaidi ya milioni 9.3 kati yao walikuwa wahamiaji, watu waliokuja kutoka Hubei, Hunan, Guangxi, Sichuan na mashamba ya Guangdong yenyewe. Wengi wa hawa daftari lao la kaya, hukou, limebaki kwao. Mtoto hurithi daftari la mzazi. Aliyezaliwa hospitali ya Guangzhou kwa mama wa Hubei, makaratasi yanamwita mtu wa Hubei, hata kama hajawahi kukanyaga huko. Kila kitakachosemwa hapa chini kuhusu ofisi kushirikiana kinapita kwenye tundu hilo la sindano. Mji huu una sheria nyingi, kamati nyingi na vikao vingi vya kuzuia vijana wasiharibikiwe. Pale mpango unapofaulu, mara nyingi ni kwa sababu kuna mtu mmoja anayelipwa kumfuata mtoto kwa jina lake kutoka ofisi moja hadi nyingine. Pale unapokwama, mara nyingi ni kwa sababu hakuna ofisi iliyomwandika kuwa wake.

Kuna wakati ushirikiano wa ofisi za mji ulikuwa na maana nyingine kabisa. Mpaka 2003, polisi na idara ya mambo ya kiraia walishirikiana vizuri sana katika kukamata wageni wasio na vibali, kuwaweka kizuizini na kuwarudisha makwao. Mwezi Machi mwaka huo Sun Zhigang, kijana wa miaka 27 aliyesomea chuo kikuu na kuajiriwa kusanifu michoro, alikamatwa Guangzhou kwa kukosa kibali cha makazi, akapigwa, akafia kizuizini. Magazeti ya mji huohuo yaliandika, nchi ikatetemeka, na kufikia Agosti utaratibu mzima ulikuwa umefutwa. Kuanzia hapo kijana mgeni hakuweza kuondolewa tu barabarani kama taka. Ilibidi atafutiwe jibu jingine, na kwa miaka kadhaa mji haukuwa nalo. Waporaji wa mikoba waliotumia pikipiki walisumbua mno, na jibu lililopatikana lilikuwa la chuma: tangu Januari 1, 2007 pikipiki zilipigwa marufuku katikati ya mji. Vijana waliozipanda walibaki palepale.

Jibu la pili lilitoka ng'ambo ya mpaka. Hong Kong, mwendo wa treni kidogo kusini, ilikuwa na miongo ya kazi za jamii: maafisa wanaokwenda kuwatafuta vijana usiku viwanjani na kwenye vibanda vya michezo, na polisi wanaoweza kumwonya mtoto badala ya kumpeleka mahakamani. Mwaka 2008 Umoja wa Vijana wa Kikomunisti, ukitumia fedha za serikali, ulianzisha wilayani Haizhu mradi ulioitwa Qingnian Didai, yaani Ukanda wa Vijana. Huduma ilinunuliwa kutoka asasi mpya ya Qichuang, iliyozaliwa mwaka huohuo ikiwa na mizizi ya kitaaluma Hong Kong. Maafisa wake waliingia shuleni, wakafungua vituo mitaani, na wakapokea watoto waliokwisha kuguswa na polisi na waendesha mashtaka. Baadaye mji ulitandaza wazo hilo: baada ya majaribio ya 2010, kila mtaa ulipata kituo cha huduma za familia, kwa kawaida kikitengewa yuani milioni 2 kwa mwaka, na huduma kwa vijana ikawa miongoni mwa kazi zake za lazima pamoja na wazee na familia. Tangu 2018 vinaitwa vituo vya ustawi wa jamii na fungu limeongezwa.

Umoja wa Vijana una nafasi ya ajabu hapa. Ni tawi la chama tawala, halina rungu wala jela, lakini katika mpangilio wa Kichina ndio umekuwa sekretarieti ya shughuli za kuzuia uhalifu wa vijana, chini ya kamati za chama zinazosimamia polisi na mahakama. Una namba ya simu, 12355, ambayo kijana au mzazi anaweza kupiga akapata mshauri. Unaitisha vikao. Mtu wa kwetu atauliza: jumuiya ya vijana ya chama inaitishaje kikao akahudhuria mkuu wa polisi? Jibu ni kwamba kikao kinaitishwa kwa jina la chama, na mkuu wa polisi ni mwanachama. Ushirikiano wa Guangzhou haukujengwa juu ya urafiki wa taasisi zilizo sawa, na anayeusifu kama mfano wa kuigwa aanze kwa kusema hilo.

Sheria nayo imeweka ngazi. Sheria ya Kuzuia Uhalifu wa Watoto ya 1999 iliandikwa upya Desemba 26, 2020 na kuanza kutumika Juni 1, 2021. Inapanga mwenendo katika daraja. La chini ni tabia mbaya: kuvuta sigara, utoro, kulala nje, kuingia sehemu zisizoruhusiwa watoto. Hapo kazi ni ya wazazi na shule. La pili ni tabia mbaya sana: kupigana kwa makundi, kuiba, kutumia dawa za kulevya, au kutenda kosa la jinai kabla ya umri wa kushtakiwa. Hapo polisi wanaingia na hatua zao: onyo, kuomba radhi, kulipa hasara, kuripoti kila kipindi, kukabidhiwa kwa afisa ustawi. Juu kabisa ni jinai yenyewe. Katikati ya daraja la pili na la tatu ndipo ilipo shule ya maadilisho. Ya Guangzhou inaitwa Xinsui, jina lenye maana ya suke jipya. Suke la nafaka ndilo jina la kupanga la mji huu tangu zamani.

Nani anaamua mtoto apelekwe huko? Sheria inataka kila eneo liwe na kamati ya uongozi wa elimu maalumu, na ukizihesabu taasisi zilizotajwa utapata 12: elimu, mambo ya kiraia, fedha, ajira na hifadhi ya jamii, polisi, idara ya sheria, ofisi ya waendesha mashtaka, mahakama, Umoja wa Vijana, Shirikisho la Wanawake, kamati ya kukitunza kizazi kijacho, na shule za maadilisho zenyewe. Juu yao wanaongezwa mawakili na maafisa ustawi. Ile kamati ya kizazi kijacho ni ya wastaafu: makada wazee, askari wazee, wataalamu, walimu na wafanyakazi wa mfano waliokwisha kupokea pensheni. Baraza la wazee wa mtaa lenye muhuri wa serikali, kwa lugha yetu. Sioni aibu kusema ndilo kundi ninalolipenda zaidi katika orodha yote, maana mzee wa pensheni ana kitu ambacho hizo ofisi nyingine 11 hazina, nacho ni muda.

Lakini kamati hukutana kwa ratiba, na kijana haharibikiwi kwa ratiba. Tumtazame mmoja wa kufikirika, kwa utaratibu ambao ni wa kweli. Ana miaka 16. Yeye na mwenzake wameng'oa betri za pikipiki za umeme chini ya nyumba za kupeana mikono, wakaziuza. Guangzhou wizi unakuwa jinai kuanzia mali ya yuani 3,000. Chini ya hapo, kwa kawaida, ni kosa dogo la polisi. Betri zao zimevuka kiwango. Wazazi wako karakana nyingine, simu haipokelewi, nao polisi hawaruhusiwi kumhoji mtoto peke yake. Anaitwa mtu mzima anayefaa, mara nyingi afisa ustawi au mwalimu, akae kando yake wakati wa mahojiano. Hiyo ni kanuni iliyoingia katika sheria ya mwenendo wa jinai iliyoanza kutumika 2013, pamoja na sura nzima ya watoto.

Kisha anakuja afisa ustawi na karatasi ya maswali ambayo hayahusu betri. Unalala wapi? Nani anapika? Uliacha shule lini, na siku uliyoacha nani alikuuliza? Rafiki yako mkubwa ana miaka mingapi? Majibu yanakuwa taarifa ya uchunguzi wa kijamii. Mwendesha mashtaka anaisoma kabla ya kuamua. Kama kifungo kinachotarajiwa hakizidi mwaka mmoja na kijana anajutia, anaweza kuahirishiwa mashtaka kwa masharti: miezi 6 hadi 12 ya uangalizi. Atakwenda kwa afisa ustawi kila wiki au kila baada ya wiki mbili, atajifunza ufundi, hataonana na kundi fulani, wazazi wake nao watapewa amri ya kusimamia malezi. Akimaliza salama, hashtakiwi, na kumbukumbu zinafungwa. Hesabu waliomgusa: polisi, mtu mzima anayefaa, mwendesha mashtaka, wakili, kamati ya mtaa, shule au mwajiri, wazazi. Aliyekuwapo katika karibu kila hatua ni afisa ustawi tu, mwenye mshahara mdogo kuliko wote mezani.

Hapo mfumo unafanya kazi, na unafanya vizuri. Tatizo ni kwamba uangalizi unahitaji mahali pa kuangaliwa. Mwendesha mashtaka anayefikiria kuahirisha mashtaka hutaka kujua kama kijana ana makazi ya kudumu, mzazi anayeeleweka, shule au kazi. Mtoto wa Guangzhou wa daftari anavyo vyote. Mtoto wa fundi wa Hubei anaishi chumba cha kupanga kwa mwezi, wazazi wanafuata kazi inapokwenda, na shule ilikwisha. Kwa kosa lilelile, wa kwanza anarudi nyumbani na wa pili anabaki mahabusu, kwa kuwa tu hakuna wa kumpokea. Waendesha mashtaka wa Kichina wenyewe wamelijua hili kwa muda mrefu, ndiyo maana wamebuni vituo vya uangalizi ndani ya viwanda na kampuni zinazokubali kumpa kijana kitanda, kazi na bwana wa kumsimamia. Ni jambo jema, ila linaniacha na swali: kwa nini kijana apate mlezi wa mji baada ya kuiba betri, asipate kabla?

Kabla, mlango ulikuwa shule. Elimu ya lazima China ni miaka 9, na kwa kawaida inakwisha mtoto akiwa na miaka 15. Ili mtoto wa mgeni apate nafasi shule ya serikali, wazazi hukusanya alama: miaka ya kuishi, kibali, michango ya hifadhi ya jamii, nyumba. Fundi anayelipwa kwa kipande, bila mkataba, hana michango ya kuonyesha. Mtoto anakwenda shule ya binafsi ya bei nafuu, na akifika mtihani wa kuingia sekondari ya juu anakuta nafasi za wasio na daftari ni chache. Sasa angalia umri. Shule ya lazima inakwisha miaka 15. Kuajiriwa kabla ya 16 ni marufuku. Kushtakiwa kwa wizi kunaanza 16. Kuna mwaka mmoja hapo, wakati mwingine zaidi, ambao kijana si mwanafunzi, si mfanyakazi, na kwa makosa mengi si hata mhalifu. Hayumo katika orodha ya mtu. Katika maandiko ya Kichina ya kuzuia uhalifu, wa kwanza katika makundi ya kuangaliwa sana ni vijana wasio shuleni wala kazini. Wamejulikana, kilichokosekana ni wa kuwashika.

Mitaani kuna wa kuwaona. Mitaa ya Guangzhou imekatwa vipande, na kila kipande kina mfanyakazi wake anayepita mlango kwa mlango kuuliza nani kahamia, nani kahama, nani kafungua duka. Msomaji wa Tanzania atamkumbuka mjumbe wa nyumba kumi. Wa Kenya atakumbuka mpango wa Nyumba Kumi wa 2013. Tofauti ni kwamba wa Guangzhou analipwa na ana simu yenye programu ya kuandikia. Anaweza kumwona kijana anayeshinda ngazini saa 4 asubuhi. Lakini fomu yake imetengenezwa kwa ajili ya usalama na idadi ya wapangaji, na kumwandika kijana humo si sawa na kumpeleka kwa afisa ustawi. Ni vigumu kumweleza mkuu wa polisi kwamba zile ni kazi mbili.

Ni vigumu pia kwa sababu kila ofisi inataka taarifa, na sheria inataka siri. Kumbukumbu za mtoto aliyehukumiwa miaka 5 au chini ya hapo hufungwa, na 2022 mahakama, waendesha mashtaka, polisi na idara ya sheria walitoa kanuni za pamoja za kuzifunga kweli. Ukiweka watu 12 mezani na faili katikati, siri hiyo imekwisha kuwa na masikio 24. Mwajiri akijua, mwenye nyumba akijua, kijana hana pa kurudi. Ofisi ikinyimwa taarifa, haina cha kufanya. Sijaona nchi iliyolitatua hili, nasi tusijidanganye: nani kati yetu hajasikia jina la mtoto wa jirani likitajwa kituo cha polisi mbele ya foleni nzima?

Afisa ustawi naye ana udhaifu wake, na hautokani naye. Huduma inanunuliwa kwa mikataba na tathmini. Asasi ikishindwa zabuni, inakuja nyingine, na kijana aliyechukua miezi kumwamini dada mmoja wa miaka 26 anakutanishwa na dada mwingine mwenye fomu ileile. Takwimu za tathmini zinahesabu vikao, wahudhuriaji na simu zilizopigwa. Usiku uliotumika kukaa kimya na mtoto kwenye kibanda cha tambi hauna safu yake katika jedwali.

Kwetu tunazo sehemu za mashine hii. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inamtaka afisa ustawi alete taarifa ya kijamii mbele ya mahakama ya watoto. Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 ilipandisha umri wa kushtakiwa kutoka miaka 8 hadi 12 na kuweka njia za kumwepusha mtoto na mahakama. Irambo, Mbeya, ndiyo shule yetu ya maadilisho. Lakini magenge ya vijana ya Panya Road yalipotikisa Dar es Salaam, mwitikio tuliouona ulikuwa misako ya polisi, na afisa ustawi wa kata, pale alipokuwapo, alisikia redioni kama sisi wengine. Kwa hiyo funzo la Haizhu linatuhusu. Ila kuna upande wa pili wa Guangzhou ambao Waafrika wanaukumbuka kwa miili yao. Aprili 2020, kwa hofu ya korona, Waafrika wengi walitolewa kwenye nyumba na hoteli, wengine wakalala nje, mpaka mabalozi wa nchi za Afrika wakaandika kulalamika. Siku zile polisi, watu wa mtaa, wenye nyumba na hoteli walifanya kazi pamoja kwa kasi ambayo hakuna kamati ya watoto iliyowahi kuifikia. Kila mmoja alijua mlango wa kugonga. Mtandao ni uleule. Inategemea anayegonga amekuja kuuliza nini.

Upepo wa sasa China unavuma kuelekea ukali. Tangu Machi 2021 mtoto wa miaka 12 anaweza kushtakiwa kwa kuua au kujeruhi kikatili, kwa idhini ya ofisi kuu ya waendesha mashtaka ya taifa. Machi 2024 huko Handan, kaskazini, wavulana watatu wa miaka 13 walimuua mwanafunzi mwenzao. Desemba mmoja alifungwa maisha, mwingine miaka 12, na wa tatu akapelekwa kwenye elimu maalumu ya kurekebishwa. Nchi nzima ilitaka adhabu, na si rahisi kumlaumu mtu kwa hilo. Sheria ya makosa madogo iliyorekebishwa 2025 na kuanza kutumika Januari 1, 2026 imefungua mlango wa kuwaweka kizuizini hata wa miaka 14 na 15 katika hali fulani, jambo ambalo zamani halikutekelezwa. Askari wa kituo cha Haizhu sasa ana chombo kimoja zaidi mkononi, cha haraka, kisichosubiri kikao cha kamati.

Na kijana wetu wa betri? Tuseme alimaliza miezi 4 ya uangalizi vizuri, halafu kazi ikapungua, karakana ikafungwa, wazazi wakaamua kurudi Hubei. Utaratibu upo: waendesha mashtaka wa Haizhu wanaweza kuwaomba wenzao wa huko waendelee naye, na jalada likatumwa. Afisa ustawi haendi na jalada. Anampa namba yake ya simu, na kijana anaihifadhi kwenye simu yenye laini ya Guangzhou, ambayo huko kijijini huenda akaibadilisha.